Shajara ya Kafyu, Likoni

Jumatatu, Mei 4, 2020

Foleni ya feri leo imefika juu, hadi kwa wauza machungwa. Kabla ya Machi hapa kivukoni hapakuwa na foleni. Palikuwa na halaiki yenye nia moja. Sasa tumechorewa alama chini ili kila mja asimame penye yake. Nilisimama penye yangu. Bwana wa nyuma naye akasimama penye yangu.

Hakuna anayenung'unika kwa sauti. Wote twaikumbuka Ijumaa ile ya Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu ya corona, watu walipopigwa vitoa machozi papa hapa, na saa ya kafyu yenyewe haijafika. Tangu hapo tuna adabu. Somo lilipitia machoni.

Mlangoni hupiti bila barakoa. Sheria inasema faini hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Kijana mbele yangu hakuwa nayo. Alimngoja mwenzake apite, mwenzake akaivua na kumrushia juu ya uzio, naye akaivaa ingali na joto. Askari akampa njia. Kisheria alikuwa amejikinga.

Kisha kunawa. Mfereji ulitoa maji, sabuni haikuwepo. Nilinawa kwa nia.

Jumanne

Matatu ya viti 14 sasa hairuhusiwi kubeba zaidi ya abiria 8. Nauli imepandishwa kufidia viti vitupu, jambo nililolikubali kwa moyo mkunjufu. Tulipovuka kizuizi cha polisi, makanga akavijaza vile viti. Nauli ikabaki kule kule juu. Nikamuuliza. "Mzee wangu, hawa ni wa karibu tu," akasema. Mmoja wao alikaa nusu pajani mwangu. Kweli alikuwa wa karibu.

Kazini kumenunuliwa kipimajoto cha kuelekezewa usoni. Bawabu hukishika kwa haiba ya mtu aliyeingojea fursa hii tangu ujana wake. Leo kilisoma 33. Akaandika 33 daftarini na kunipitisha. Kitabibu mimi ni mtu anayekufa kwa baridi, Mombasa, mwezi wa Mei.

Baada ya kupimwa tunatakaswa mikono, tone moja kila mtu. Baada ya kutakaswa tunatia sahihi daftari la mahudhurio, wote, kwa kalamu ile ile iliyofungwa uzi mezani. Nililitaja hilo kwa bosi. Alisema kalamu zikiwa nyingi zitaibiwa.

Jumatano

Siku hizi alasiri mji mzima hukaa mbele ya televisheni kumngoja Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, atangaze hesabu za siku. Mama watoto amekuwa bingwa wa takwimu. Zamani alinipokea kwa kuniuliza kama nimepata samaki. Sasa aniuliza kama nimesikia. Samaki wenyewe, changu wawili, nilibaki nimewashika mlangoni.

Leo Waziri ametangaza kwamba Eastleigh kule Nairobi na Mji wa Kale hapa Mombasa hakuingiwi wala hakutokwi kwa siku 15. Watoto walitaka kujua virusi viko vingapi. Mimi nilitaka kujua habari za kanzu yangu ya Idi. Iko Mji wa Kale, kwa fundi.

Nilimpigia. Fundi ni mtu mstaarabu, aliniulizia afya za wote hadi mama mkwe. Kanzu iko tayari, akasema, imeshapigwa pasi, inaning'inia mbele yake anapozungumza nami. Aliisifu sana shingo yake. Kisha akanikumbusha salio, shilingi 1,500. Nikamtumia 1,000, halafu 500, maana tangu Machi kutuma hadi 1,000 kwa M-Pesa hakuna makato. Sasa kanzu ni yangu yote. Inaishi kwake.

Alhamisi

Shemeji alipiga simu. Kabla ya corona alikuwa akiniomba shilingi 2,000. Sasa huomba 1,000 leo na 1,000 kesho, nisije nikakatwa. Ameniomba nimshukuru.

Ijumaa

Misikiti imefungwa, hivyo tarawehe tunaisali sebuleni, na imamu ni mimi. Uteuzi haukuwa na upinzani. Nina sura chache ninazoziamini, nazo nazizungusha. Leo mdogo wetu alipitiwa na usingizi kwenye sijida na hakuna aliyegundua mpaka tulipotoa salamu. Mama mkwe alingoja nimalize dua. "Mwanangu," akasema, "imamu wa msikitini huwa hana haraka hivyo." Nilimwambia feni ilikuwa inanipiga mgongoni. Hatuna feni sebuleni.

Jumamosi

Nieleze hesabu ya jioni, kwa faida ya vizazi vijavyo. Maghribi huingia saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Kafyu huanza saa moja. Katikati kuna dakika arobaini za kufungua, kuswali, kula, kuaga na kufika nyumbani. Aliyezipanga saa hizi yaelekea hakuwa amefunga.

Ndiyo maana kuanzia saa kumi kila mtu yuko barabarani. Foleni ya viazi karai ilikunja kona na kurudi, ikawa watu wa mkiani wanatazamana na wa kichwani. Umbali wa mita moja uliheshimiwa na mwenye karai peke yake, kwa sababu ya mafuta. Viazi viliisha nilipofika. Alinipa bizari iliyobaki, bure.

Mjomba wangu alikuja kufuturu. Nilimkaribisha kwa furaha, maana Ramadhani bila mgeni haina ladha, na anakaa mtaa wa pili tu. Alikula tambi, akala mkate wa mofa, akarudi kwenye tambi. Akaanza kisa cha meli iliyozama ujanani mwake. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani. Mama watoto alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Mjomba alikuwa ameketi akiipa mgongo, kiti alichokichagua mwenyewe.

Saa moja kasoro dakika tano alinyanyuka, akavaa kofia, akaenda hadi mlangoni, akachungulia nje kulia na kushoto. Mtaa mzima kimya. "Basi tena," akasema kwa masikitiko, "serikali imesema." Akavua kofia. Kutoka mfukoni mwa kanzu akatoa mswaki.

Amelala kwenye kochi. Mimi kochi ndilo nililokuwa nalala, tangu mama mkwe achukue chumba cha watoto na watoto wachukue chumba chetu. Wakati wa daku mjomba alikuwa wa kwanza kuamka.

Jumapili

Wazee wa mtaani wameacha kukaa baraza moja. Kila mmoja sasa huketi kwenye baraza lake na mazungumzo huvuka barabara kwa sauti ya mnadi. Mambo yaliyokuwa yakinong'onwa yanasikika hadi kwa muuza mkaa. Nimepata kujua kwamba nadaiwa kodi ya nyumba ya Aprili. Nilikuwa najua, ila si na mtaa mzima. Muuza kahawa naye hagawi tena vikombe vyake vya kusuuzwa ndoo moja. Kila mtu hutembea na kikombe mfukoni. Changu kimetoboa mfuko.

Mchana nilikwenda kwa kinyozi. Alikataa nivue barakoa, akaniwekea na ya pili juu yake kwa usalama wake. Kamba zilimzuia pembeni mwa masikio. Alishughulika nazo, akiitoa ya kulia, akiirudisha, akiitoa ya kushoto, huku akinieleza mipango ya Bill Gates. Alipomaliza, kulia pamepanda na kushoto pameshuka.

Nilimwonyesha. Alinyoosha barakoa zote mbili vizuri, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kidogo, akasema pamelingana. Akanidai shilingi 50 zaidi, za dawa ya kutakasa mashine.