Namna ya Kuvuka Thika Road Ukafika Nyumbani

Kwanza ujue unachotaka kuvuka ni nini. Lami hiyo iliyo mbele yako hapo Ruiru haiishii Thika. Ni A2: inatoka Nairobi, inapita Thika, Sagana, Nanyuki, Isiolo na Marsabit, hadi Moyale mpakani na Ethiopia, mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Dereva wa lori linaloshuka kwa kasi huenda hajalala tangu Isiolo. Usitarajie asimame kwa sababu umeinua mkono.

Pili, panda matatu kwa akili. Rais Mwai Kibaki alipoifungua barabara mpya Novemba 2012, kilomita kama 50 kutoka mjini hadi Thika, tulipata katika sehemu nyingi barabara mbili ndani ya moja: ya katikati kwa wenye haraka, na ya pembeni yenye steji. Gari likishaingia ya katikati, hata ugonge mabati vipi, utashuka steji si yako. Kwa hiyo uliza ukiwa bado chini: "Kijana, mnashukisha Ruiru?" Akijibu, "Ingia mathe, kiti ni cha mwisho," hajakujibu. Uliza tena. Na nauli muulize hapo hapo, hasa wingu likitanda.

Sasa tuje kwenye kuvuka kwenyewe. Ukishuka utaona uzio umekatwa, tundu la kutosha mtu na kiroba chake, na njia ya miguu imechongeka kwenye nyasi. Tundu hilo litakuita. Jana jioni nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu cha parachichi mkononi akisimama hapo. Alitazama gari, akatazama ngazi za daraja, akatazama gari tena. Kisha akakaza leso, akageuka, akapanda ngazi. Alipumzika mara mbili. Huko juu muuza soksi alisogeza bidhaa zake apite.

Simlaumu yeyote anayelitamani tundu. Waliochora barabara hii walilifikiria gari kwanza, mwenye miguu baadaye, na ndiyo maana daraja liko mbali na pale watu wanapoishi. Mzee wa magoti mabovu anaambiwa apande ghorofa ili akanunue maziwa ng'ambo. Hilo ni kosa, na lirekebishwe: madaraja yaongezwe, yawe na mteremko wa kusukuma kiti cha magurudumu, na taa ziwake usiku.

Lakini leo jioni hayajaongezwa, na wewe unataka kufika. Kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho ng'ambo, mimi hutumia dakika nne. Nimezipima, nikiwa na mzigo.

Panda daraja, tafadhali. Na ukiwa na mtoto, mshike mkono hata akikwambia yeye ni mkubwa.