Nyota Tano za Karatasi

Bwana mkaguzi wa visu mtandaoni amekipa nyota tano kisu alichotumiwa bure juzi, ushahidi wake ni kwamba kimekata karatasi. Sisi huku tunapika mchicha, si magazeti. Bapa lina mawimbi ya chuma cha Damascus. Kwenye visu vya bei ya chee mawimbi hayo mara nyingi ni mchoro wa leza tu, ingawa mchoro, nakiri, unapendeza. Kwani kisu kipya gani hushindwa na nyanya siku ya kwanza? Arudi baada ya miezi sita, kikishamenya muhogo na kugonga mfupa wa mbuzi. Kisu cha shangazi hakina jina. Mpini umefungwa mpira wa baiskeli, anakinoa kwenye kitako cha kikombe, na kitunguu ndicho kinacholia.