Mguu Ukigoma: Tunahesabu Kutoka Sita Kushuka

Boeing 747 ya mizigo ina magurudumu 18. Antonov An-124 inayo 24. Watu wakiitazama ndege ya namna hiyo huishia kwenye injini na mabawa. Mimi macho yangu hushuka moja kwa moja miguuni, maana tani zote zile zikigusa ardhi, hapo ndipo zinapoangukia. Haya, tuzihesabu siku ambazo miguu iligoma.

6. Taranto, Italia, Oktoba 2022. Dreamlifter, ile 747 iliyovimba mgongo inayosafirisha vipande vya Boeing 787, inapaa kwenda Charleston, Marekani. Moshi mweusi unafuka miguuni, na gurudumu moja la kilo 100 hivi linawaaga wenzake, linadunda chini na kujiendea zake hadi shamba la mizabibu. Ndege ikavuka Atlantiki, ikatua salama. Kumi na nane ukitoa moja, bado kuna mtaji.

5. Viracopos, Brazil, 13 Oktoba 2012. Ndege ya mizigo ya MD-11 inatua, mguu wa kushoto unakunjika, ndege inalala ubavu njiani. Na njia ya kurukia ilikuwa hiyo hiyo moja! Uwanja ukafungwa karibu siku mbili, mamia ya safari yakafutwa. Umewahi kukwama nyuma ya semitrela iliyokata ekseli darajani? Ndiyo hiyo, ila hapa hakuna utingo wa kuchomeka jiwe nyuma ya tairi.

4. Istanbul, 8 Mei 2024. Boeing 767 ya FedEx imetoka Paris. Miguu ya nyuma imeshuka, wa puani umekataa katakata. Marubani wakaishikilia pua juu mpaka mwendo ulipopungua, kisha wakailaza chini kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani. Cheche, moshi, povu la zimamoto. Pua ilichubuka, watu hawakuchubuka.

3. Chattanooga, Marekani, 4 Oktoba 2023. Hapa tukae kidogo. Boeing 757 ya mizigo imeruka usiku kwenda Memphis, mfumo wa haidroliki wa kushoto ukaishiwa. Si neno, ipo njia ya akiba: swichi moja, pampu ndogo ya umeme inafungua makufuli, miguu inadondoka kwa uzito wake yenyewe. Wakabonyeza. Kimya. Uchunguzi ukakuta waya umekatika kwenye mfumo huo huo wa akiba. Wakatua kwa tumbo, wakapitiliza mwisho wa njia, na watatu wote waliokuwamo wakatoka hai. Linganisha na Baghdad, Novemba 2003: Airbus A300 ya mizigo ilipigwa kombora, ikapoteza haidroliki yote, lakini miguu ikaangushwa kwa uzito wake na ikakubali kushuka. Kombora lilishindwa kuizuia, waya ukaweza!

2. Newark, 31 Julai 1997. MD-11 inagusa chini, inadunda, inarudi kwa kishindo zaidi. Mguu wa kulia ukalisukuma bawa mpaka boriti yake ya ndani ikavunjika, na ndege ikapinduka chali, ikawaka moto. Watu watano walitoka wote, nami kila nikizitazama picha za mabaki yale nashangaa wamepitia wapi. Tarehe 23 Machi 2009, Narita, Japani, aina hiyo hiyo ya ndege ilidunda vivyo hivyo, na marubani wote wawili wakafa. Hapo sina utani. Mguu wa ndege ukizidiwa unatakiwa uchomoke wenyewe, uliachie bawa na mafuta yaliyomo. Mguu unaokataa kuvunjika nao ni hatari.

1. Tundu. Ndiyo, tundu! Nyuma ya silinda ya shokapu ya mguu mkuu wa ndege ya MD-10 pana kitundu cha valvu ya kujazia hewa. Memphis, 28 Julai 2006: nikeli ya kupakia chuma iliingia humo isipotakiwa, ufa ukaanza, mguu wa kushoto ukavunjika wakati wa kutua. Miaka kumi baadaye, Fort Lauderdale, 28 Oktoba 2016: aina ile ile, upande ule ule, tundu lile lile. Safari hii kilichosababisha ni kukosekana. Kadimiamu ya kuzuia kutu haikuwamo, kutu ikachimba kishimo, kishimo kikazaa ufa, na kila kutua kukauongeza kidogo. Mguu ukakatika, bawa la kushoto likakwaruza lami na kuwaka moto. Marubani wawili walinusurika.

Mtengenezaji alikuwa ameshauri mguu huo ufumuliwe na kukaguliwa kila miaka 8. Shirika lenye ndege hiyo ya Fort Lauderdale lilijiwekea 9, na wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, wakasema halikuwa na takwimu za kutosha kuthibitisha kwamba ufa ungeonekana mapema. Mguu ulivunjika ukiwa umeshaupita mwaka wa 8, haujafika wa 9.