Bei ya Kindugu

"Haina tatizo, ni kupaka rangi tu," atakwambia muuzaji wa boti ya matanga pale Kilifi. Kumbe rangi ndiyo inayoshikilia mbao. Choma karibu na mkuku kwa bisibisi: huzama kama kwenye muhogo uliochemka. Tanga limehifadhiwa vizuri, panya ni mashahidi. Bei, eti, ya kindugu.

Sasa uliza ushuru. Ghafla anakumbuka kuwa chombo kiliingia Kenya kama cha mtalii mpita njia. Miaka imepita, mtalii hajapita. Ukikinunua, forodha ni yako: ushuru kwanza, halafu kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, inayopigiwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru. Mwambie nduguyo amalizane na forodha kwanza, ndipo mzungumze bei.