Jina Umechukua, Chukua na Ngoma

Jamani, juzi hapa Newala kahawa imepoa vikombeni tukibishana. Dogo mmoja wa bodaboda kaegesha pikipiki yake chini ya mwembe, kafungulia spika, Harmonize mwanzo mwisho. Babu aliyekuwa anahesabu karata akasonya, sonyo refu lile. "Huyu anajiita Konde, yaani Mmakonde. Haya, kinganga kiko wapi humo?"

Kijiwe chote kikalipuka.

Dogo ana hoja, tusimwonee. Harmonize, kijana wetu wa Mtwara, alitoka mwaka 2015 na "Aiyola", mapenzi laini kabisa. Mwaka 2018 akaja na "Kwangwaru" akiwa na Diamond, harusi zote zikaruka. Mwaka 2019 akaondoka lebo ya Wasafi, akasimamisha yake, Konde Gang, na 2020 akatoa albamu ya "Afro East". Leo anaimba polepole, kesho anachezesha watu. Mwanamuziki asiposogea, anaachwa stendi.

Na kusogea si ugeni kwetu. Nani kasema ngoma ya Mmakonde imekaa palepale? Kwenye mapiko, ngoma yetu ya vinyago, wazee walichonga sura za Wazungu, Wahindi na maaskari, kila walichokiona kikaingia uwanjani kucheza. Mgeni alikaribishwa, ila aliyempigia alikuwa kinganga.

Sasa mtu ambaye hajakiona, asogee hapa. Kinganga ni kigoma chembamba chenye mguu uliochongoka. Unauchomeka mchangani, unakamata vijiti viwili. Kabla ya kupiga, mwenyewe anakusanya majani makavu, anawasha moto, anapitisha ngozi juu yake huku akiigonga kwa kidole. Ikilia butu, anairudisha motoni. Ikilia kali, ya kupasua hewa, basi akina mama wameshafunga kanga viunoni. Hiyo ndiyo sauti iliyotupokea tulipotoka jando. Katika nyimbo zilizompa kijana jina, mimi siisikii.

Wako waliohama bila kuacha kitu nyuma. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alirekodi na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, mitambo ya kisasa imejaa studio. Sikiliza ile kazi: ilimba yake, ala ile ya kupigwa kwa vidole gumba, iko mbele, gitaa linamfuata mzee. Na wanabendi wa Mlimani Park walipoanza mwaka 1978, mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Magitaa yao, tarumbeta zao, lakini kila mcheza dansi akajua ngoma hiyo ipo.

Na sisi wa kusini tuliipa nchi hii mdundo. Miaka ya 1960 ngoma yetu ya sindimba iliingia kwenye kikundi cha ngoma cha Taifa, ikatoka uwanda huu wa Makonde ikachezwa na watoto wa shule wasiojua Newala iko upande gani. Mzee Morris Nyunyusa wa Lindi, asiyeona, alikaa katikati ya ngoma nyingi akazipiga zote peke yake, na zikawa mlio wa taarifa ya habari ya redio ya Taifa. Nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza mtu wa kusini!

Ndiyo maana babu kasonya. Hana chuki na kijana, ana uchungu. Wapiga vinganga wanazeeka, na vijana wa Masasi wenye vistudio vyao wanachukua midundo ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wa mbali, wakati fundi wa kinganga anakaa mtaa wa pili. Mpelekeeni maikrofoni kiangazi hiki, ngoma za jando zikianza. Rekodini, changanyeni na singeli, changanyeni na chochote mnachotaka.

Na wewe Konde Boy, mdogo wetu, hujakataa kwenu; jina la kwenu umelibeba mpaka nje ya nchi, na tunakushukuru. Lakini jina bila mlio ni nusu ya mzigo. Rudi uwandani, kinganga kinakusubiri.