Beringi ya Ghorofa ya Tatu

Fundi wa pampu alikuja saa kumi jioni na mfuko wake wa spana, akainama chini ya ngazi, akaitegea sikio pampu ya maji. Kimya. Akaizima, akaiwasha. Kimya. Jirani yangu wa chini, ambaye ndiye aliyemwita, akaapa kwamba kila siku baada ya alasiri kuna chuma kinasagana na chuma. Mara kikaanza. Fundi akainua kidole: "Beringi imekufa hiyo." Wakapanda ngazi wakiifuata sauti mpaka mlangoni kwangu, na beringi yenyewe wakaikuta sebuleni: mvulana wa miaka tisa, kavaa singlendi, kashika fidla.

Nauli ya fundi nililipa mimi. Kwa haki, maana mtoto yule kosa lake lilikuwa moja tu, kunitajia mimi fidla.

Alirudi kutoka harusini, kaisikia kwenye taarabu, akasema naye anataka. Kutoka kwetu Michenzani mpaka Mji Mkongwe ni mwendo wa miguu, na huko tangu 2002 kuna Dhow Countries Music Academy, chuo ambacho watu wanafundishwa fidla, udi na kanuni. Lakini chuo kina ada, na simu ina bando. Nikamwambia mke wangu, mwalimu wa nini? Wazee wa taarabu wengi walijifunza kwa sikio. Tena nilikuwa nimesoma habari za Shinichi Suzuki, Mjapani aliyezaliwa 1898, aliyejianzia fidla mwenyewe kwa kuiga santuri. Nikaishia hapo hapo kusoma. Mbele kidogo ilikuwa imeandikwa kwamba alipoanza alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, kwamba baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla Nagoya, na kwamba njia ya kufundisha watoto aliyoiacha inamtaka mzazi naye akae kwenye somo na ajifunze.

Fidla nikaipata kwa mtu anayehama. Ilikuwa ya mtu mzima. Za watoto zipo kwa vipimo, robo, nusu, robo tatu, na wa miaka tisa aghalabu huwa wa nusu au robo tatu. Mimi nikanunua kama ninavyonunua sare ya skuli, kubwa, ili akue nayo. Suruali ikizidi unaikunja chini ukaishona. Fidla haina upindo. Na shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa. Kidole kikipungukiwa kidogo tu, noti imekwishahama mtaa. Vidole vya mwanangu vilipungukiwa kila siku.

Hayo ni ya baadaye lakini. Wiki ya kwanza haikutoa sauti kabisa. Upinde unakwenda, upinde unarudi, nyuzi zimenyamaza. Nikajua nimeuziwa fidla bubu. (Jirani wa chini, nadhani, bado anaikumbuka wiki ile kwa mapenzi.) Video moja ndiyo iliyotuzindua: singa za farasi kwenye upinde haziukamati uzi mpaka zisuguliwe ulimbo mkavu wa msonobari. Nao ulimbo tulikuwa nao! Kipande cha rangi ya asali, ndani ya mkoba, kimefungwa kitambaa. Tukakimbilia mkoba. Hakipo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekiona kabla yetu, na mwanamke wa Unguja akikuta kitu cha rangi ile ndani ya kitambaa hahitaji kuuliza. Alikuwa amekivunja na kukitia kwenye chetezo, Ijumaa, kabla wageni hawajafika. Tulikwishauona moshi ule. Mweusi, mzito, tukafungua madirisha yote huku yeye akilalamika: "Ubani wa siku hizi! Wanauchanganya na nini?" Ilibaki nusu ya kipande. Ilitosha kuwasha beringi.

Ningeishia hapo, fidla ingekuwa salama. Lakini niliona nyuzi zina kutu, nikazilegeza zote nne kwa pamoja ili nizifute. Daraja likaanguka, maana halikugundishwa, limekazwa na nyuzi tu. Kisha ndani ya tumbo la fidla kikaviringika kitu. Nikatikisa: kok, kok. Ni kijiti kinachosimama ndani kati ya uso na mgongo, nacho kinashikiliwa na mkazo ule ule. Waitaliano wanakiita anima, yaani roho.

"Umeitoa roho," mke wangu akasema. "Poleni wafiwa."

Nilihangaika saa nzima kuirudisha kwa kijiti cha mishikaki. Mwisho nikaibeba maiti na mtoto, tukaenda kwa mzee mmoja mpiga taarabu. Akachukua chuma kilichopinda kama herufi S, akakipitisha kwenye tundu, akazungumza nasi habari ya bei ya samaki, na kabla samaki hawajaisha roho ilikuwa imesimama.

"Haya, piga nikusikie."

Mwanangu akaweka fidla bega la kulia, akashika upinde kwa mkono wa kushoto. Mzee akamtazama kwa muda mrefu.

"Nani kakufundisha?"

"Simu, babu."

Mwalimu wa kwenye video alikuwa amemwelekea, naye akamwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Miezi miwili! Nami nilikuwa nakaa pale kwenye kochi nikitikisa kichwa kwa raha.

"Na wewe mzee," nikamuuliza, nikitafuta pa kujishikia, "ulikuwa na mwalimu?"

"Sikuwa naye."

Nikamgeukia mwanangu, kifua mbele.

"Nilikuwa nao kumi na tano. Kila usiku, klabuni. Nikikosea, wa kulia ananikata jicho, wa kushoto ananipiga teke chini ya kiti."

Akambadilisha mtoto mikono, akamwambia aimbe kwanza sauti anayoitaka, ndipo aitafute kwa kidole. Akaipata. "Sikio analo," mzee akasema, bila kunitazama mimi. Halafu akaichukua fidla akapiga kidogo kwa maqam ya Rast. Mwanangu akawahi kuiweka simu mbele yake, ile programu ya kupimia noti, kijani ukipatia, nyekundu ukikosea. Mzee alipofika kwenye ile sauti ya tatu, ambayo kwenye piano haipo kwa sababu inakaa katikati ya vibao viwili, simu ikawaka nyekundu. Akairudia. Nyekundu.

Mzee akashusha upinde, akaikodolea macho.

"Na hii nayo," akauliza, "imejifunza peke yake?"