Sera ya Nje Ilipopita Tabora

Wanaolalamika kwamba vyama vyetu havitofautiani kwenye mambo ya nje na ulinzi wangepitia historia ya Tabora. Mwaka 1871 palikuwa na kambi mbili zisizohitaji ilani. Waarabu wa Unyanyembe na wenzao walitaka njia ya Ujiji iwe wazi, pembe zifike pwani, Unguja ifurahi. Mtemi Mirambo wa Urambo akasema njia ni yake. Anayetaka kupita alipe hongo, tena mchana kweupe. Ulinzi wake? Rugaruga, yaani wapiganaji wake, na bunduki, basi. Stanley, mgeni mashuhuri, akaingia vitani upande wa Waarabu. Wakapigwa, naye akarudi mbio. Mwaka 1876 huyohuyo akachanjiana damu na Mirambo. Kuhama kambi hakukuanza na wabunge wetu.

Januari 1964 askari wa kikosi cha Tabora wakaasi, siku moja baada ya wenzao wa kambi ya Colito, Dar es Salaam. Septemba mwaka huohuo likazaliwa jeshi jipya, JWTZ, na milango ya chama tawala, TANU, ikafunguliwa kwa wanajeshi. Ubishi wa vyama juu ya ulinzi ukapata dawa: chama kimoja, na bunduki humohumo. Dozi ikaendelea hadi 1992.

Sasa vyama ni tele. Kampeni zikifika Tabora, chama tawala huahidi ujirani mwema. Wapinzani huahidi ujirani mwema zaidi. Mkulima wa tumbaku, ambaye jani lake huvushwa ng'ambo, hunyoosha mkono kuuliza habari za bei. Huambiwa hilo ni swali la kilimo.